Nani kafuga nyuki humu ndani?

"Kaka, nani kafuga nyuki humu ndani?"

Ndo maneno ya kwanza binamu yangu aliyoyatoa baada ya kuvaa hedifoni asikilize tulichorekodi. Mi nilikuwa nimekaa pembeni natabasamu peke yangu maana najua tumepata kitu, ubeti wa pili aliuimba vile ambavyo hata mwenyewe hakutegemea, sauti ikakwama kidogo pale mwishoni afu akaidaka, yaani zile ambazo ukimwambia mtu arudie hazirudi tena. Nikamnyang'anya hedifoni. Kweli bana. Mwanzoni kabla hajagusa gitaa kuna sekunde tatu hivi za ukimya, ila sio ukimya, ni zzzzzzz, kama mtu ananyolewa na mashine nyuma ya pazia.

Wakati anaimba sikuisikia kwa sababu gitaa lilikuwa linaifunika. Ndo tabia yake hiyo, mvumo haukusumbui pale sauti zimejaa, unakuvizia kwenye zile pumzi za katikati ya mistari.

Sasa niseme vifaa vilivyokuwepo ili mnielewe huko mbele. Laptopu moja, intafesi ndogo ya USB yenye matundu mawili (kile kiboksi kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), maiki ya kondensa kwenye ule mkono wa springi unaobanwa mezani, gitaa la umeme la binamu limechomekwa moja kwa moja tundu la pili bila amplifaya, na spika mbili za studio zenye umeme wake. Anaimba na kupiga kwa pamoja, hataki kutenganisha, anasema akiimba bila gitaa mikononi anajisikia kama mtu anayehojiwa. Sawa. Chumba ni cha kulala, studio ni hiyo meza.

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilimkamata mchawi kabla ya kumtafuta. Nikasema hii ni kebo ya maiki, ni ya zamani, imekanyagwa sana. Nikanunua mpya. Nyuki wapo palepale. Hapo nikapandwa na hasira, usiku mmoja nikafanya kila kitu kwa mpigo, nimesogeza meza, nimebadilisha ekstensheni, nimezima taa, nimechomoa chaja, nimehamisha spika, nimesikiliza, kimya! Nikampigia simu binamu nikamwambia njoo kesho tumemaliza. Kesho yake kaja, kakaa, kashika gitaa, zzzzzzz. Mi sijui hata jana nilifanya nini ikatulia, kwa hiyo sijui nirudie nini. Wiki nzima ikaenda hivo.

Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na kelele ikaondoka, hujatengeneza kitu, umebahatisha. Nikachukua karatasi nikaibandika ukutani juu ya meza, kila ninachogusa naandika, na nagusa kimoja tu, nasikiliza, nakirudisha kilivyokuwa, ndo naenda kingine. Inachosha kweli, ila ndani ya siku mbili karatasi ilinionyesha kitu ambacho kilikuwa kinanipa kichaa, kwamba mvumo haukuwa mmoja. Zilikuwa kelele tatu tofauti zimelaliana, ukitoa moja nyingine inabaki unasema aah hapa sipo, unarudisha, kumbe ulikuwa umeshapata theluthi moja ya jibu.

Swali la kwanza kabisa ambalo ningejiuliza siku ile ya kwanza, nisingenunua hata hiyo kebo: je, kelele iko kwenye faili au iko kwenye spika tu? Hivi ni vitu viwili visivyohusiana. Namna ya kujua ni rahisi, rekodi sekunde kumi bila mtu kufanya chochote, afu hilo faili lihamishie kifaa kingine kabisa ulisikilize na hedifoni. Kama humo kumetulia na kwenye spika zako kunavuma, basi maiki na gitaa hawana kosa, tatizo liko njiani kutoka intafesi kwenda spika. Na kama iko ndani ya faili, angalia ni treki ipi, maana kila tundu la intafesi linarekodiwa kwenye mstari wake. Mi nilipofanya hivo nikajisikia aibu, treki ya maiki ilikuwa safi kabisa, mvumo wote uko treki ya gitaa. Kebo mpya ya maiki ilikuwa inasafisha nyumba ambayo haijachafuka.

Kitu kingine ni kusikiliza kelele yenyewe inasemaje, maana kila moja ina lafudhi yake. Mvumo mzito wa chini, mmmmm, huo ni umeme wa ukutani. Nchi nyingi umeme unacheza mara 50 kwa sekunde, Marekani na baadhi ya nchi nyingine mara 60. Ukiwa na piano au kile kifaa cha kupatanisha nyuzi za gitaa jaribu, Hz 50, yaani hizo mara 50 kwa sekunde, inaangukia kwenye noti ya G ya chini kabisa ya piano imepanda kidogo tu (G yenyewe ni Hz 49), na Hz 60 inakaa katikati ya A# na B haijulikani iko wapi. Ukisikia inafanana na hizo umeshajua mzazi wake. Zzzzz yenye makali kama nyuki ni umeme huohuo ila umekatwakatwa, umebeba na watoto wake, 100, 150, 200, 300 na kuendelea mpaka juu huko kwenye maelfu, na hiyo mara nyingi inatoka kwenye dima ya taa au chaja au adapta. Ukisikia kitu chembamba kinalia iiiiii na kinabadilika ukisogeza mausi au ukiskroli ukurasa, hiyo ni kompyuta inajisemea yenyewe kupitia USB. Tit-tiriti-tiriti ni simu. Na shhhhh kama mvua mbali sio mvumo kabisa, hiyo ni geini, kile kitufe cha kukuza sauti inayoingia, umeipandisha sana kwa sababu mwimbaji yuko mbali na maiki, msogeze tu, usihangaike na nyaya.

Yangu ilikuwa mmmm na zzzz kwa pamoja, na ukitumia spika inaongezeka nyingine juu yake. Nianze na ya spika maana ndo rahisi.

Laptopu ilikuwa imechomekwa soketi ya ukuta huu, spika zimechomekwa soketi ya ukuta ule. Zote mbili zina waya wa ethi. Afu zimeunganishwa tena kwa kebo za sauti kupitia intafesi. Chora hiyo kwenye karatasi uone, ethi ya laptopu inaenda ukutani, inazunguka ndani ya nyumba, inarudi kupitia ethi ya spika, inapita kwenye ganda la kebo ya sauti (ule wavu wa chuma unaozunguka waya ndani) mpaka kwenye laptopu. Umetengeneza duara. Sehemu mbili za ethi hazilingani kabisa hata siku moja, kuna tofauti ndogo ya volti, na hiyo tofauti inasukuma mkondo mdogo kwenye ganda la kebo yako, na spika hazijui kutofautisha kati ya muziki na huo mkondo, zinapiga vyote.

Nilipochomoa chaja laptopu ikabaki na betri, spika zikanyamaza papo hapo. Hilo ndo jaribio lenyewe. Dawa ya kwanza ilikuwa kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani, ili ethi zote zikutane karibu. Vifaa hivi vinakula umeme kidogo kwa hiyo ekstensheni nzuri inavibeba bila shida, ila usije ukachomeka na pasi humohumo. Kelele ikapungua kama robo tatu. Robo iliyobaki nikaipata nilipoingia chini ya meza na tochi mdomoni kuangalia zile plagi za nyuma ya spika.

Ukishika plagi ya jeki angalia ile mikanda myeusi kwenye chuma. Ikiwa mmoja, hiyo ni ya mono, ndani kuna waya mmoja wa sauti na ganda. Ikiwa miwili, ndani kuna waya mbili za sauti na ganda. Zangu zilikuwa na mmoja. Intafesi inatoa sauti ya balansi, spika zinapokea balansi, afu katikati nimeweka kebo isiyoweza kubeba balansi, nimekaa hivo mwaka mzima. Kebo ya balansi inabeba sauti ileile mara mbili, waya mmoja ya kawaida na mwingine imegeuzwa juu chini, ikifika kwenye spika zinatolewa moja kwa nyingine, kwa hiyo sauti yako inajumlishwa ila uchafu wowote ulioingia njiani, kwa kuwa umeingia sawasawa kwenye waya zote mbili, unajifuta. Ni akili ya zamani sana, simu za waya zilitumia hiyo kitambo. Nikabadilisha kebo mbili, spika mpaka leo ziko kimya hata chaja ikiwa imechomekwa.

Hapa lazima nisimame kidogo niongee kwa ukali. Ukitafuta tatizo hili utakutana na mtu anakwambia kata pini ya ethi kwenye plagi, au ifunge na selotepu, mvumo unaisha. Ni kweli unaisha. Na ile ethi ipo pale ili umeme ukivuja kwenye bodi ya kifaa upitie kwenye waya badala ya kupitia kwako. Mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kushika maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa, huku gitaa liko mikononi. Keith Relf aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Yardbirds alikufa mwaka 1976 akiwa nyumbani kwake anapiga gitaa ambalo ethi yake haikuwa sawa. Nyumbani, kama mimi na wewe. Gitaa mkononi na mdomo kwenye maiki ya chuma, hiyo ni njia fupi ya umeme kupita kifuani. Ukitaka kukata duara kata upande wa sauti, kuna viboksi vidogo vya DI vyenye transfoma ndani, sauti inaruka kwa sumaku bila waya kugusana, vingi vina kiswichi cha kuachanisha ethi ya kebo ya sauti na hicho bonyeza utakavyo. Plagi ya ukutani iache. Na ukigusa nyuzi na maiki ukahisi kama mchwa wanakutambaa midomoni, acha kila kitu, muite fundi umeme.

Haya, gitaa. Hapa ndo nilipokaa siku nyingi, na ndo palikuwa patamu.

Gitaa la binamu lina pikapu tatu za koili moja moja. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, uzi wa chuma ukitikisika juu yake umeme unazaliwa. Ila koili haichagui, sumaku yoyote inayotikisika karibu inaisikia, iwe ya uzi, iwe ya transfoma ya adapta uliyoiweka chini ya meza. Ni antena. Seth Lover wa Gibson aliliona hilo zamani, mwaka 1955 akaomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizogeuziana, sauti ya nyuzi inajumlika na mvumo unafutana, ndo hizi zinaitwa hambaka. Ukiangalia vizuri ni akili ileile ya kebo ya balansi. Nikamwambia binamu tuazime gitaa la hambaka kwa siku moja. Akaniangalia. Hilo gitaa lake kalipata kwa marehemu baba yake, kwa hiyo mjadala ukafungwa hapo.

Basi tukafanya hivi. Akakaa kwenye kiti akiwa ameshika gitaa, nyuzi kazibana zisilie, mi nimevaa hedifoni, nikamwambia zunguka na kiti polepole kama feni mbovu. Hii sikuitegemea. Akiwa anaangalia laptopu, mvumo mkubwa. Akageuka kidogo kidogo, unapungua, unapungua, akafika anaangalia kabati, ule mmmmm umekwisha kabisa imebaki zzzz tu. Akaendelea kuzunguka, ukarudi. Koili ina upande ambao haioni sumaku, ukiielekeza huko inakuwa kipofu. Tukaweka selotepu sakafuni, miguu ya kiti inakaa hapa, mpaka leo ipo. Na tukahamisha rundo la adapta kutoka chini ya miguu yake kwenda upande wa pili wa chumba, maana umbali ni dawa kubwa kuliko watu wanavyodhani, hata mita moja tu inasaidia sana. Nyaya za umeme na za sauti zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba, zisilale pamoja kama ndugu kitandani.

Ila zzzz bado. Na ilikuwa na tabia nyingine, akitoa mkono kwenye nyuzi inapanda, akigusa nyuzi inashuka. Watu wengi wakiona hivo wanasema gitaa limeharibika ethi. Hapana, kama ikishuka ukigusa maana yake ethi ya nyuzi inafanya kazi. Mwili wako ndo antena, unakusanya uchafu wa umeme wa chumba kizima na kuusogeza kwenye gitaa, ukigusa nyuzi unaunganishwa na ethi unatulia. Ikiwa kinyume, ukigusa inapanda, hapo ndo fundi afungue aangalie waya ndani. Hivyo swali likawa huo uchafu unatoka wapi.

Karatasi ya ukutani ikasema: chaja ya laptopu, imepungua nusu. Taa, imeondoka nusu iliyobaki.

Taa ilinishangaza zaidi. Ile taa ya juu ina dima, kile kitufe cha kuzungusha kupunguza mwanga, na binamu anapenda kuimba kwenye mwanga hafifu. Dima haipunguzi umeme kwa upole, inaukata, kila nusu wimbi inauzima kidogo afu inauwasha ghafla, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wa Hz 50, na kila ukiwashwa ghafla hivo unatoa cheche ya kelele inayofika mbali kwenye masafa. Sasa unaona kwa nini ule usiku wa kwanza ilitulia na kesho yake ikarudi? Usiku ule nilizima taa. Binamu alipokuja akaingia, akawasha, akapunguza mwanga kama kawaida yake, akakaa. Mchawi alikuwa anawashwa na mteja mwenyewe! Saivi tunatumia taa ndogo ya betri, mwanga hafifu upo na nyuki hawapo.

Chaja nayo, chaja za laptopu zinakata umeme kwa kasi kubwa sana ndani yake na uchafu kidogo unavuja kupitia waya wa USB mpaka kwenye intafesi mpaka kwenye gitaa. Mi najaza betri kabla hajaja, tunarekodi bila chaja, basi. Ukiwa na kompyuta ya mezani huna hiyo bahati, hapo jaribu tundu jingine la USB au habu ya USB yenye umeme wake, na monita izime wakati wa kurekodi kama unaweza.

Simu nilisahau. Zikiwa kwenye mtandao wa 2G zinatuma kwa mipigo, kama 217 kwa sekunde, na kila waya wa gitaa unaisikia. Hali ya ndege, au nje ya chumba. Binamu anaikalia yake.

Kitu cha mwisho kwenye gitaa ni swichi ya pikapu. Magitaa mengi ya pikapu tatu, ile ya katikati imezungushwa kinyume na wenzake, kwa hiyo ukiweka swichi nafasi ya pili au ya nne zinalia mbili kwa pamoja na mvumo unafutana kama hambaka. Lake liko hivo. Kwa nyimbo taratibu hiyo sauti ya nafasi ya nne ni tamu pia, haina hasara.

Tukarekodi upya. Treki ya gitaa, ukimya, mpaka nikadhani kebo imechomoka. Treki ya maiki, ukimya. Binamu kaanza, ubeti wa kwanza safi, kiitikio safi, mstari wa pili wa kiitikio kuna noti anashuka chini sana, na hapohapo, zzzing.

Sikulia ila nilikaribia. Ila hii ilikuja kwenye noti moja tu, akiacha kuimba inaisha, na iko treki ya maiki, sio ya gitaa. Umeme haujui nyimbo, umeme unavuma kabla hujaanza na unaendelea ukimaliza. Kitu kinacholia kwenye noti moja tu ni kitu cha kushikika, kiko chumbani, kimelegea mahali. Nikamwambia ishike hiyo noti usiiachie, mmm, mi napita na kidole kimoja nagusa kila kitu, kioo cha dirisha, kabati, stendi, kile kichujio cha pumzi mbele ya maiki. Nikafika kwenye springi za mkono wa maiki, zile ndefu za pembeni. Nimeweka kidole, kimya. Nimetoa, zzzing. Yeye anaimba huku anacheka, noti inayumba. Nikachana soksi ya zamani vipande viwili nikavisokomeza ndani ya springi. Gharama yake ikawa hiyo soksi tu.

Tukamaliza saa tano usiku, tumeurekodi wimbo mara sita, zote safi. Tukakaa kusikiliza. Binamu kasikiliza mpaka mwisho hajasema neno, afu akauliza, "Ile ya kwanza umeifuta?"

Nilikuwa sijaifuta. Tukaiweka. Ule ubeti wa pili, pale sauti inakwama na kudakwa. Kwenye hizi sita safi haupo. Anaimba vizuri zaidi, ametulia zaidi, na haupo. Tukaangaliana tukajua usiku bado mrefu.

Kusafisha faili lililoshachafuka ni kazi tofauti na niwaambie mapema haitoki yote. Nilianza kwa kukata kila kitu chini ya Hz 75 kwenye treki ya gitaa, uzi wa chini kabisa wa gitaa ni Hz 82 kwa hiyo hapo hupotezi muziki na ule wa 50 unaondoka bure. Shida ni ya 100. Wimbo uko kwenye ufunguo wa G. G ya kwenye uzi wa sita ni Hz 98. Ukichonga shimo kwenye 100 ili umtoe nyuki unamng'oa na G, na 200 imekaa jirani na G ya juu yake, na 300 jirani na D, yaani mvumo umekaa kwenye noti zilezile za wimbo! Nikachonga nyembamba sana na kidogo tu, desibeli chache, kwenye 100 nikaacha kabisa.

Zilizobaki nikatumia kile kifaa cha kupunguza kelele ambacho unakionyesha kelele peke yake kwanza kikaijua, afu kinaiondoa kwenye treki nzima. Zile sekunde tatu za mwanzo ndo zikawa mali. Ila angalia hapa, hizo sekunde lazima mkono uwe umegusa nyuzi, maana mnakumbuka mvumo unabadilika akigusa na asipogusa, ukikifundisha kelele ya mikono hewani kitatoa kelele ambayo haikuwepo na kuacha iliyopo. Kwenye zile sekunde mwanzo mikono iko hewani, sekunde ya mwisho kaweka mkono tayari. Nikatumia hiyo moja. Nikaiweka ipunguze desibeli 6, nikajaribu 12, kwa 12 gitaa likaanza kulia kama liko chini ya maji, nikarudi 6. Kwenye pumzi katikati ya mistari nikashusha voliyumu ya gitaa kwa mkono, moja moja, zilikuwa kumi na nane.

Wimbo umetoka na ubeti wa pili ni ule wa kwanza kabisa, uliobaki ni wa zile safi. Binamu anasema hasikii kitu. Na waliousikiliza hakuna aliyeuliza. Mi nikivaa hedifoni, dakika ya pili na sekunde kumi, kabla tu sauti yake haijakwama, nawasikia.